Somo la Ushirika: Mkulima Asiyeweza Kungoja

Wakulima wawili wanaweza kuwa na mashamba yaliyopakana, yenye miti ya kahawa iliyo sawa kwa idadi na kwa umri, na mvua ileile ikawanyeshea wote wawili. Hata hivyo, mwisho wa msimu mmoja akapata fedha zaidi ya mara mbili ya alizopata jirani yake. Tofauti hiyo haitoki shambani. Mmoja wao aliweza kungoja hadi kahawa yake ikaiva, ikavunwa, ikakaushwa na kupimwa mizanini. Wa pili hakuweza.

Mkoani Kagera wote wanajua jina la jambo hili: butura. Ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali maua, kwa mtu mwenye fedha taslimu mkononi. Mnunuzi hukadiria magunia kwa jicho, hutaja bei, na mwenye shamba hukubali kwa sababu shida iko mlangoni. Mara nyingi shida hiyo huja Januari. Ada ya shule za Serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini mtoto bado huhitaji sare, madaftari na viatu. Na ugonjwa haungoji msimu wa kahawa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima anauza kilo 200 Januari kwa shilingi 800 kwa kilo, anapokea shilingi 160,000. Mwezi Juni kahawa hiyohiyo inapimwa chamani kwa shilingi 2,000 kwa kilo, yaani shilingi 400,000, na fedha hizo zinaingia mfukoni mwa mnunuzi wa butura. Kwa mkopo wa shilingi 160,000 wa miezi mitano, mkulima amelipa shilingi 240,000 juu yake. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kila mwezi. Palizi ni yake, jasho la kuvuna ni lake, na gunia la kuanikia pengine ni lake pia. Kwa kuwa mapatano hayo hayakuitwa mkopo, hakuna aliyemwambia kiwango cha riba, na mwaka unaofuata huanza akiwa na upungufu uleule, hivyo Januari hurudi tena kwa mtu yuleyule.

Huko kusini, katika mikoa ya Mtwara na Lindi, jina ni kangomba na zao ni korosho. Korosho hununuliwa nje ya utaratibu, mara nyingi kwa bakuli au kopo badala ya mizani, na muuzaji ni yuleyule: mwenye nyumba isiyo na akiba ya chakula.

Kumlinda mtu wa namna hii ni wajibu wa Serikali, na wajibu huo una historia ndefu nchini kwetu. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, baada ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kuwa wamekwisha kujiunga wenyewe tangu mwaka 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakiki uzito, kabla ya vyama vyao kuungana mwaka 1955 katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation. Mara zote mbili wanyonge walitangulia na sheria ikafuata. Ni vema makatibu walikumbuke hilo wanapoambiwa kwamba ushirika ni zawadi kutoka juu.

Lakini ulinzi wa Serikali una mpaka wake, na mpaka huo ulivukwa mwaka 1976. Mwaka huo vyama vikuu vilivunjwa. Kazi ya kukusanya mazao ikawa ya vijiji, na kununua kukawa kwa mamlaka za mazao. Ni kweli kwamba vyama vingi vilikuwa na wizi na uzembe. Asiyekiri hilo hasemi kweli. Hata hivyo, mamlaka zilikuja na gharama kubwa, malipo yakachelewa, na mkulima akakosa hata mkutano mkuu wa kulalamikia. Waliokuwa na akiba walisubiri. Wasiokuwa nayo walitafuta mlango wa nyuma. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vikuu, lakini imani ya wanachama haikurudi kwa sheria.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, ulikusudiwa kumpa mkulima nguvu ya kungoja: mazao hukaa ghalani, wanunuzi hushindana mnadani. Kwa jumla ni mfumo mwema. Ila mnada haumsaidii mtu ambaye fedha yake haifiki. Aprili 2013, huko Liwale, hasira za wakulima juu ya malipo pungufu ya korosho ziliishia kwa nyumba za watu kuchomwa moto. Novemba 2018, wakulima walipokataa bei ndogo za wanunuzi, Serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Lakini uhakiki wa kuwatafuta wenye kangomba uliwachelewesha pia wakulima wa kweli, na kila wiki ya kucheleweshwa ilikuwa nyepesi kwa mwenye duka na nzito kwa mjane mwenye magunia mawili.

Basi je, kupiga marufuku butura na kangomba kunatosha? Marufuku yanahitajika, na yapo. Lakini pakikamatwa watu wawili, mnunuzi na muuzaji, na wote wakaadhibiwa sawasawa, sheria itakuwa imeihesabu njaa kuwa kosa. Ukali uelekezwe kwa mnunuzi. Kwa muuzaji, dawa ni mkopo mdogo unaopatikana Januari kutoka chama cha akiba na mikopo, kwa riba iliyoandikwa, unaokatwa katika malipo ya mazao. Chama cha msingi kikikopa kwa ajili ya wanachama, kifanye hivyo ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Hapa ni lazima jambo moja lisemwe wazi. Katika vyama vingine mnunuzi wa butura si mgeni kutoka mjini. Ni mjumbe wa bodi, au karani wa mizani, au katibu mwenyewe. Mkaguzi huligundua bila kuuliza mtu. Hufungua daftari la wanachama penye idadi ya miti ya kila mmoja, kisha huweka kando yake stakabadhi za mapokezi. Mwanachama mwenye miti 60 akionekana ameleta kahawa ya miti 600, miti hiyo mingine iko kwa jirani zake. Ndiyo sababu daftari hilo hupotea mara kwa mara, au hukutwa halijaandikwa tangu mwaka juzi. Katibu mwaminifu hulijaza upya kila mwaka, tena mbele ya wanachama, na hubandika ukutani tarehe ya malipo na kiasi cha kila makato. Karatasi ile moja ukutani humsaidia mnyonge kuliko hotuba nyingi: anayejua kwamba atalipwa tarehe 15 anaweza kumwomba mwenye duka subira hadi tarehe 15.

Kwa majadiliano katika mkutano wa wanachama: Katika kijiji chetu, ni kaya ngapi ziliuza mazao mtini msimu uliopita, na zilihitaji fedha kiasi gani? Kiasi hicho chote kikijumlishwa, je, chama chetu cha akiba na mikopo kingeweza kukitoa? Daftari la miti la chama liko wapi, na nani alilisoma mara ya mwisho?