Kutoka Eldas Kupanda Marsabit

Mtu wa Eldas, katika Kaunti ya Wajir, amezoea nchi iliyolala. Kutoka kwao hadi Wajir mjini hakuna mlima wa kumkinga jicho, na mchungaji anayetafuta ngamia aliyepotea hutazama nyayo mchangani, kwa kuwa hana mahali pa kupanda akachungulia. Safari ya kwenda Marsabit, upande wa magharibi, humbadilishia mambo mengi kwa mara moja: hewa, mavazi, malisho, hata namna watu wanavyozungumza juu ya maji. Wajir mjini ni mita 240 hivi juu ya usawa wa bahari. Marsabit mjini ni zaidi ya mita 1,300, na kilele cha mlima wake kinafika mita 1,707.

Hakuna lami ya moja kwa moja kati ya miji hii miwili. Njia ya kwanza hupitia Buna hadi Moyale, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, kisha msafiri anashika lami na kuteremka kusini karibu kilomita 250. Njia ya pili ni ndefu: Habaswein, Modogashe, Isiolo, halafu kaskazini kilomita 270 hivi kupitia Merille, Laisamis na Logologo. Mwenye haraka na gari la kuaminika huchagua Buna. Mwenye watoto au wagonjwa hufanya vizuri zaidi kupitia Isiolo, ambako mabasi ya Moyale hupita kila siku, mengi yakisafiri usiku.

Lami hiyo ni jambo jipya. Hadi miaka ya 2000 kutoka Isiolo kwenda Moyale kulihitaji siku mbili juu ya mzigo wa lori, mara nyingi kwa msafara wenye askari kwa hofu ya majambazi. Ujenzi ulikwenda kipande kwa kipande, na kufikia 2017 lami ilikuwa imefika mpakani na Ethiopia. Vizuizi vya polisi bado ni vingi. Kitambulisho kikae mfuko wa juu, kwa kuwa kitaombwa tena na tena, na asiye nacho anaweza kuachwa njiani huku basi likiondoka.

Anayekuja kutoka kusini huuona mlima kabla ya kuuona mji. Baada ya Logologo nchi ni kavu, mawe meusi na miiba, kisha mbele hutokea kitu cha bluu kilichobeba mawingu mgongoni. Barabara inaanza kupanda, Karare inapita, na ghafla pembeni kuna mahindi.

Mlima wenyewe ni volkano iliyolala zamani. Haukuchongoka kama Kilimanjaro. Ulijengeka kwa lava nyepesi iliyomwagika na kutambaa mbali, ndiyo maana ni mpana na miteremko yake ni ya taratibu. Juu yake kuna vilima vingi vya majivu na mashimo makubwa zaidi ya 20 yaliyochimbwa na milipuko, ambayo wenyeji huyaita gof. Gof Redo iko kaskazini mwa mji na kuifikia ni rahisi. Kusimama ukingoni mwake kunamweleza mgeni umbo la nchi hii vizuri kuliko ramani yoyote. Gof nyingine zimo ndani ya msitu, na mbili kati yake hushika maji.

Siri ya Marsabit ni upepo. Hewa yenye unyevu hutoka upande wa Bahari ya Hindi, huvuka tambarare zote za Garissa na Wajir bila kupata cha kuizuia, kisha inagonga mlima huu, inapanda, inapoa na kuwa ukungu. Usiku na asubuhi msitu unalowa hata siku isiyo na mvua, matone yakidondoka kutoka kwenye ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Mvua ya mlimani ni karibu milimita 800 kwa mwaka, wakati chini jangwani hata 200 ni bahati. Kwa hiyo unyevu unaopita juu ya vichwa vya watu wa Eldas bila kushuka huenda ukashukia huku. Jambo hilo peke yake linatosha kumfanya mtu wa tambarare autazame mlima huu kwa makini.

Lakini asidhani kwamba amefika penye maji tele. Mwamba wa volkano una vitundu na nyufa. Mvua ikinyesha inazama, na mlima mzima hauna mto unaotiririka mwaka mzima. Mji hutegemea chemchemi za Bakuli, zinazotoka chini ya msitu, pamoja na visima, matangi ya kuvuna mvua na malori ya maji. Mji umekua kuliko chemchemi. Wakati wa kiangazi punda waliobebeshwa mitungi hupita barabarani tangu alfajiri, na bei ya mtungi huzungumzwa kama bei ya unga. Mgeni anayelala kwenye gesti na kuletewa ndoo moja ya kuoga ajue hajanyimwa. Hiyo ndiyo sehemu yake, na inafaa aitumie vile angetumia maji ya berkad, hifadhi ya maji ya mvua, nyumbani.

Kwa sababu hiyo, ziara nzuri ya Marsabit haianzi kwenye mbuga ya wanyama. Inaanza Ulanula, kwenye visima vinavyojulikana kama visima vya kuimba. Wakati wa kiangazi vijana wa Kiborana hushuka kisimani, mmoja juu ya mwingine, na kupitishiana ndoo kutoka mkono hadi mkono hadi kwenye hori la kunyweshea. Zamani ndoo hiyo ilikuwa ya ngozi, okole. Siku hizi mara nyingi ni ya plastiki. Wimbo ndio unaopanga mwendo wa mikono ili ndoo isikwame wala kumwagika, na ng'ombe wanaijua sauti ya kundi lao. Kila kisima kina mwenyewe na kila kundi lina zamu yake, iliyopangwa na wazee. Mwenye kamera aombe ruhusa kwanza kwa anayesimamia zamu, asimame upande usiozuia mifugo, na asitarajie wimbo wakati wa mvua: mabwawa yakijaa, hakuna anayeshuka kisimani. Mzaliwa wa Wajir, anayejua ugomvi na upatanisho unaotokea kwenye foleni ya ngamia, atakuwa shahidi mwelewa kuliko mtalii aliyetoka mbali.

Mji nao umetokana na hayo hayo. Warendille na Wagabra wenye ngamia, Waborana na Wasamburu wenye ng'ombe, walikuwa wakipanda mlimani kiangazi na kushuka mvua inaponyesha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walifungua kituo cha utawala hapa, wakivutiwa na baridi na maji, na miaka hiyo hiyo Waburji kutoka kusini mwa Ethiopia wakaanza kulima miteremko. Mahindi, maharagwe na miraa inayouzwa sokoni leo ina deni kubwa kwao. Wafanyabiashara Wasomali walifuata na maduka, na msafiri wa Eldas hatakosa mtu wa kumjibu kwa Kisomali. Kiborana ndicho kinachosikika zaidi mjini, na Kiswahili huunganisha wote. Salamu ya "Nagaya?" hujibiwa "Nagaya", na inafungua milango mingi.

Serikali ya kikoloni iliiona Marsabit pia kama mahali pa kumficha mtu. Harry Thuku, mwanasiasa aliyekamatwa Nairobi Machi 1922 na ambaye kukamatwa kwake kulisababisha maandamano yaliyomwaga damu, alipelekwa kwanza Kismayu na baadaye akaletwa Marsabit. Alikaa huku akilima, mpaka alipoachiliwa miaka tisa hivi baada ya kukamatwa. Mahali hapa palifaa kwa kusudi hilo: wilaya yote ya mpaka wa kaskazini, Wajir, Marsabit, Garissa, Mandera, Moyale na Isiolo, ilikuwa imefungwa kwa sheria, na kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Historia hiyo ni ya pamoja. Marsabit na Wajir zilipita katika tume ya 1962 iliyotafuta maoni ya wakazi, katika vita vya shifta vya miaka ya 1960, na katika miongo ya kusubiri barabara, shule na hospitali. Wazee wa pande zote mbili wakiketi pamoja hawakosi la kukumbushana.

Baada ya visima, msitu. Lango la Ahmed liko ukingoni mwa mji, na ada ya kuingia hulipwa kwa eCitizen, si kwa fedha taslimu, hivyo ni busara kulipa kabla ya kufika langoni. Jina la lango ni la ndovu aliyekuwa na pembe ndefu mno, karibu kugusa ardhi. Wawindaji walipoanza kumtamani, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 alindwe maisha yake yote, na askari wakamfuata usiku na mchana. Ahmed alikufa kifo cha kawaida Januari 1974, akikadiriwa kuwa na miaka 55, na sanamu yake ya ukubwa kamili imesimama katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ndovu wengine bado wapo, pamoja na nyati, chui na tandala mkubwa, lakini msitu ni mnene. Mara nyingi mgeni huona kinyesi kibichi na matawi yaliyovunjika tu. Asikate tamaa.

Ndani zaidi ya msitu iko gof iitwayo Sokorte Guda, ambayo ramani huiita Ziwa Paradise. Wamarekani Martin na Osa Johnson waliishi ukingoni mwake kuanzia 1924 hadi 1927 wakipiga filamu za wanyama, na kazi yao ilitangaza mlima huu duniani kabla Wakenya wengi hawajausikia. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kufuata mvua. Barabara ya kufika huko huteleza vibaya ikilowa, na gari la magurudumu manne linahitajika.

Eneo hili lina upande wake wa huzuni. Tarehe 12 Julai 2005 washambuliaji walivamia Turbi, kwenye njia ya Moyale, na zaidi ya watu 50 waliuawa, wakiwemo watoto wa shule. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyobeba viongozi waliokuwa wakienda kupatanisha jamii ilianguka karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge Bonaya Godana, Abdi Sasura, Guracha Galgallo, Titus Ngoyoni na Mirugi Kariuki. Mwezi Mei 2022 serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku kutokana na mauaji ya kulipizana. Msafiri hana sababu ya kuogopa mji, lakini ana sababu ya kuuliza. Kabla ya kuacha lami, azungumze na madereva wa njia hiyo, chifu au polisi. Na asimwulize mtu aliyekutana naye leo ni wa kabila gani. Atajua kwa wakati wake.

Kuhusu mahitaji: sweta nzito ni lazima, hata Januari, kwa kuwa upepo wa jioni hupenya kanzu na dirac. Viatu viwe vya kufungika. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na ndogo Oktoba hadi Desemba. Anayetaka kuona msitu ukiwa hai aje mwishoni mwa mvua, na anayetaka visima aje Agosti au Septemba. Gesti za kati ya mji ni rahisi na safi vya kutosha, ila aulize habari za maji kabla ya kulipa. Hoteli za chakula zitamfanya ajisikie nyumbani: anjera asubuhi, nyama ya mbuzi, maziwa ya ngamia, na nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, ambayo inafaa kubebwa kwa safari inayofuata.

Safari inayofuata ikiwa ni magharibi, Maikona na Kalacha ziko pembezoni mwa jangwa la Chalbi, ardhi ya chumvi ambako ngamia wa Wagabra hunywa kwenye chemchemi. Mbele zaidi, zaidi ya kilomita 200 za mawe kutoka Marsabit, ni Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, na njia ya kusini kutoka huko hupita karibu na mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310. Huko mafuta hupatikana kwa kubahatisha na simu hukatika kwa masaa, kwa hiyo tangi lijazwe Marsabit, na maji yabebwe ya siku mbili kwa kila mtu ndani ya gari.