Swali na Jibu: Viwakilishi na Hali ya Hewa katika Kihispania

SWALI: Najifunza Kihispania. Mbona viwakilishi nilivyohifadhi kwa taabu sivioni katika sentensi za mvua na jua?

JIBU: Ndugu msomaji, Kihispania, mithili ya Kiswahili chetu, humbainisha mtenda ndani ya kitenzi chenyewe, ijapokuwa wao humweka mwishoni nasi mwanzoni, hata asemaye *tengo frío*, yaani nasikia baridi, hana haja ya kutanguliza *yo* ila akitaka kutilia mkazo. Ama katika mambo ya anga, kiwakilishi hakina nafasi asilani: *llueve* peke yake latosha kuarifu kwamba mvua inanyesha, na *nieva* kwamba theluji yaanguka, joto na baridi hutumia kitenzi cha kufanya, *hace calor*, *hace frío*, na ukungu huambiwa upo, *hay niebla*. Tahadhari usiseme *soy frío* ukisikia baridi, maana hapo wajieleza kuwa mtu mkavu wa moyo.

Jina moja la Kihispania sote twalijua tangu mvua kubwa za 1997, nalo ni El Niño, walilolitoa wavuvi wa Peru kwa ajili ya Mtoto Yesu, kwa kuwa maji ya bahari yao yalikuwa yakipata joto karibu na Krismasi. *El* hiyo, isiyo na alama juu yake, si kiwakilishi. *Él* yenye alama ndiyo yeye wa kiume. Zingatia pia *usted*, neno la heshima: mtu yu mbele yako, lakini kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu.