Tumbo la Jumapili Jioni

Huku Marachi, Kaunti ya Busia nchini Kenya, mtoto akilia kichwa au tumbo, sote tunawaza malaria. Na tuna sababu: mbu wa ukanda huu wa ziwa hawana likizo. Mpime kwanza. Wahudumu wengi wa afya ya jamii wana kipimo cha kutoboa kidole. Mtoto mwenye homa hangojeshwi.

Lakini kipimo kikionyesha hana malaria mara ya pili, mara ya tatu, na maumivu huanza Jumapili jioni yakaisha Ijumaa, acha kununua dawa dukani. Tazama sare imechanika wapi. Kalamu hupotea kila wiki? Anarudi na njaa ilhali ulimpa pesa ya mandazi? Ameanza tena kukojoa kitandani? Huenda anaonewa shuleni au njiani.

Watoto kugombana leo na kesho wakacheza pamoja si uonevu. Uonevu hurudiwa, na anayeonewa hana nguvu ya kujitetea. Hapa mpakani na Uganda mtoto hutaniwa kwa lafudhi ya ng'ambo, au kwa kuwa Mteso kati ya Wamarachi. Bwenini mgeni huitwa mono, akafulishwa nguo za wakubwa. Nasi wazazi tunacheka: "Hata sisi tulipitia." Kauli hiyo imefunga midomo ya watoto wengi.

Usimhoji kama polisi. Mkiwa mnapukuchua mahindi, uliza: "Leo ulikula na nani?" Kisha nyamaza. Akisema, usimwambie arudishe ngumi, wala usimvizie mtoto wa mwenzio kwenye steji ya boda. Andika daftarini tarehe, mahali na kilichotokea; ujumbe wa matusi kwenye simu usiufute. Mpelekee mwalimu wa darasa daftari hilo, halafu mwalimu mkuu, ukidai siku ya kupewa jibu. Huombi hisani: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa mwili au akili. Shule ikinyamaza, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Akiwa ameumizwa vibaya au ameguswa sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kuoga, na nguo zisifuliwe. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya saa 72. Kisha polisi, dawati la jinsia.

Mwalimu, usiwasimamishe wawili hao mbele ya darasa wapeane mikono. Aliyeonewa atalipia njiani. Msikilize kila mmoja peke yake. Mwonevu naye, mara nyingi, nyumbani kwao anapigwa.

Simu ya watoto ni 116, bure, usiku na mchana, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Uganda nayo hutumia 116, kwa hiyo hata simu yako ikishika mtandao wa ng'ambo, kama zinavyofanya za Busia na Malaba, nambari ni ile ile.