Nyama ya Pori na Nyama ya Nyumbani

Bangboka ni mashariki ya mji wa Kisangani, palipo na uwanja wa ndege. Watu wa huko hula sombe, ndizi na samaki wa mto Kongo. Wengi hupenda pia nyama ya pori, kama mboloko na kima.

Kila mtu huchagua chakula chake. Mmoja hali kima kwa sababu ya mwiko wa ukoo. Mwingine hali nyama kabisa. Wasichekwe.

Lakini sahani ya mmoja huwagusa wengine. Mwindaji akiwinda kwa nyumba yake, huua wachache. Akiuza mjini, huua wengi.

Fikirini sasa. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, vifaranga wengi pamoja. Okapi wa msituni huchukua mimba miezi 14 hivi, akazaa mtoto mmoja tu. Tangu mwaka 1933 sheria inakataza kumwua.

Lakini sheria haijazi chungu. Ni lazima watu wafuge kuku na nguruwe, wachimbe na viziwa vya samaki. Kufuga kuna taabu: mifugo hutaka chakula kila siku, na magonjwa huwaua. Hata hivyo, mfugaji hula nyama, na msitu hubaki na wanyama wake.

Maulizo
1. Kwa nini okapi huisha upesi kuliko kuku?
2. Kwenu mnafuga nini?