Vipimo vya Mkononi kwa Watunzaji wa Vyombo vya Sauti



Wengi wenu mnakumbuka ibada ya Kipaimara iliyofanyika nje, chini ya miembe, kwa kuwa kanisa lisingetutosha. Askofu alipofika katikati ya mahubiri mikrofoni ilinyamaza. Vijana wetu wakabadili mikrofoni, haikufaa. Wakagusagusa miksa, haikufaa. Wakazima amplifaya na kuiwasha tena. Wazee waliokaa nyuma walirudi makwao bila kulisikia neno walilolifuata tangu alfajiri. Baadaye ikaonekana kuwa kosa lote lilikuwa waya mmoja uliokatika ndani ya plagi ya kebo. Na jioni ile ile, mpiga gitaa wa kwaya alipoigusa mikrofoni kwa midomo alipigwa shoti hata akaanguka chini. Tunamshukuru Mungu kwamba aliinuka.

Sasa Halmashauri ya Mtaa imetenga fedha kidogo za kununulia vipimo, na vijana wameleta orodha ndefu. Kwa kuwa tulifundisha sayansi miaka mingi katika chuo cha ualimu, tumeombwa tueleze kipi kitangulie. Kilichoandikwa juu kabisa katika orodha ni chombo kinachochora sauti kwa rangi kwenye kioo. Ni chombo kizuri, wala hatuwalaumu vijana kukitamani, lakini sisi tungekiweka mwisho. Wanachuo wetu tulikuwa tukiwaambia hivi: kabla hujashika kipimo, andika swali unalotaka kikujibu. Swali la kwanza kwetu ni hili: je, anayeshika mikrofoni yu salama?

Jambo hili si la kutishana bure. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa mikrofoni ambayo waya wake wa ardhi haukuwa sawa. Mwaka 2005 mchungaji mmoja wa Kibaptisti alikufa mjini Waco, Texas, alipoishika mikrofoni akiwa amesimama katika maji ya ubatizo. Sababu yenyewe ni rahisi kueleweka. Nyuzi za gitaa huungana na ardhi kwa njia ya amplifaya ya gitaa. Ganda la mikrofoni huungana na ardhi kwa njia ya miksa. Ikiwa vyombo hivyo viwili vimechomekwa katika soketi mbili, na mojawapo imeungwa vibaya, basi mtu anayevigusa vyote pamoja anakuwa yeye ndiye waya. Umeme wetu ni volti 230, nao humpitia kutoka mkononi mpaka mdomoni.

Kwa hiyo kitangulie kipimo cha soketi, kile chenye umbo la plagi na taa tatu. Hukichomeka tu, na taa zikakuambia kama waya wa moto, nyutro na ardhi ziko mahali pake. Lakini kina udhaifu ambao muuzaji hatawaambia. Hakiwezi kutambua kama nyutro na ardhi zimebadilishana, wala hakipimi ubora wa ardhi yenyewe. Tena kuna ubaya mkubwa kuliko huo. Yuko fundi ambaye, akikosa waya wa ardhi, huchukua kipande cha waya akaunganisha nyutro na tundu la ardhi humo humo ndani ya soketi. Kama waya wa moto na nyutro nazo zilikuwa zimebadilishana, basi ganda la kila chombo kinachochomekwa hapo litakuwa na umeme wa moto, na zile taa tatu zitawaambia kuwa mambo ni sawa!

Ndiyo maana tunataka kinunuliwe pamoja nacho kipimo cha pili, yaani ile kalamu inayohisi umeme bila kugusa waya. Ukiisogeza karibu na ganda la amplifaya iliyo katika hali hiyo, italia na kuwaka. Nayo peke yake haitoshi, kwa sababu haiwezi kukuambia kama ardhi ipo. Kila kimoja huona kile ambacho mwenzake hakioni, na vyote viwili bei yake ni ndogo. Soketi ikionekana mbaya, msiifungue. Aitwe fundi umeme mwenye leseni.

Cha tatu ni multimita. Hapa msidanganywe na wingi wa namba kwenye kioo. Tazameni kwanza kama imeandikwa CAT III na volti 600, maana yake imetengenezwa kustahimili umeme wa majumbani. Tazameni kama nyaya zake ni nzima na kama ndani ina fyuzi. Iwe na mlio wa kuonyesha kwamba waya haujakatika. Ikiwezekana iwe na ile njia ya ukinzani mdogo, ambayo huondoa volti za uongo zinazoonekana kwenye mita bila kuwa na nguvu nyuma yake. Kabla ya kwaya kupanda jukwaani, mtu mmoja apime volti kati ya nyuzi za gitaa na ganda la mikrofoni, akishika sehemu za plastiki za nyaya za mita tu. Ikionyesha zaidi ya volti chache, pasiwe na mtu wa kugusa vyombo vile hadi sababu ipatikane. Wala mtu asichomeke waya wa mita katika tundu la ampea kisha akapima soketi; tuliona mita tatu za chuo zikiungua kwa kosa hilo hilo.

Multimita hiyo hiyo itapima betri za mikrofoni zisizo na waya, na zile volti 48 ambazo miksa hupeleka kwa mikrofoni zinazozihitaji. Itapima spika pia, ikiwa imetolewa kwanza kwenye amplifaya. Msishtuke spika iliyoandikwa omu 8 ikisoma 6 hivi: ile 8 ni ukinzani wake kwa mkondo wa sauti unaokwenda na kurudi, nayo mita hupima kwa mkondo wa betri.

Cha nne kingeliiokoa ibada yetu. Ni kisanduku cha kupimia kebo, chenye tundu la kila ncha. Kebo ya mikrofoni ina pini tatu: ya 1 ni ya wavu unaozuia mngurumo, ya 2 na ya 3 ndizo zinazobeba sauti. Pini ya 1 ikiachia, mngurumo huingia. Mojawapo ya hizo mbili ikiachia, sauti hunyong'onyea au kupotea. Taa tatu zikiwaka kwa mpangilio wake, kebo ni nzima. Lakini ipindeni karibu na plagi huku mkizitazama taa, kwa maana waya uliokatika nusu hukaa kimya mezani ukaja kuachia mbele ya Askofu. Kebo kumi hupimwa kwa muda mfupi kuliko wimbo wa kuingilia.

Cha tano ni mita ya sauti, inayohesabu kwa desibeli. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Spika inayosoma 90 kwa mita 2 itasoma 84 kwa mita 4, 78 kwa mita 8, na 66 tu kwa mita 32. Sasa fikirini: vijana huongeza sauti ili wazee wa nyuma wasikie, na watoto wa Shule ya Jumapili wameketi mikekani mbele ya spika kabisa. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inashauri kiwango cha 85 kisizidi saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda ukatwe nusu. Kwa 94 ni saa moja, kwa 100 ni dakika 15. Mita hii itawaonyesha kwamba dawa ni kuinua spika juu ya vichwa na kuweka nyingine katikati ya watu.

Programu za simu zinazopima sauti zinafaa kwa kujifunzia, ila mikrofoni za simu hazilingani. Linganisheni simu na mita mahali pamoja, mwandike tofauti yake.

Vyote vitano vitaenea katika mfuko mmoja wa turubai. Ukae sakristia, betri zitolewe baada ya kila ibada zisije zikavuja, na kebo yoyote iliyoonekana mbovu ifungwe fundo siku ile ile, isirudi kwenye sanduku pamoja na nzima.