Nyumba ya Maskini ya Southwell na Mafunzo Yake Kwetu

Ndugu zetu wasomaji, baadhi ya wanafunzi wa duru hii wametuuliza: Je, yafaa Waislamu wa mji wachange fedha, wajenge nyumba moja ya kuwaweka maskini wanaoomba milangoni kila siku ya Ijumaa? Suali hili ni zuri, na aliyeuliza ameona uchungu kwa ile safu ya wazee na vipofu wasimamao juani wakingojea sarafu. Lakini kabla ya kujibu twataka tuitazame nyumba iliyojengwa zamani kwa kusudi kama hilo; kwani mwenye akili huzingatia yaliyowapata wengine.

Katika nchi ya Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1601, kila mtaa wa kanisa ulilazimishwa kutoza kodi kwa ajili ya maskini wake. Miaka ikapita, maskini wakazidi, na wenye mali wakaanza kunung'unika kwa uzito wa kodi hiyo. Ndipo padri mmoja aliyekuwa pia hakimu, jina lake John Thomas Becher, alipoongoza mitaa 49 ishirikiane kujenga nyumba moja kubwa karibu na mji mdogo wa Southwell, katika jimbo la Nottinghamshire. Nyumba ilijengwa mwaka 1824, na aliyeichora ni William Adams Nicholson. Iliweza kuchukua watu 158.

Basi tuitazame ilivyojengwa, kwani kuta husema yaliyomo katika moyo wa mjenzi. Ni nyumba ya matofali, ya orofa tatu, imara na safi. Katikati pana sehemu ya msimamizi, na madirisha yake yaelekea nyua, apate kuwaona watu wote bila ya kutoka chumbani. Kutoka hapo zatokeza mbawa za nyumba: wanaume mbali, wanawake mbali, watoto mbali. Tena wazee na wagonjwa wametengwa na wale wenye nguvu za kufanya kazi. Kila kundi lina uwa wake uliozungushwa ukuta, na ngazi zimegawanywa ili kundi moja lisikutane na jingine. Mume na mke wakiingia humo pamoja na watoto wao, mlango ule ule uliowapokea ndio uliowafarikisha.

Wala hayo hayakutokea kwa kughafilika, yalikusudiwa. Rai ya Becher ilikuwa kwamba maisha ya humo yakiwa magumu, asiyeshikwa na dhiki kubwa hataingia, na kodi itapungua. Kodi ikapungua kweli, na wakuu wa serikali wakapendezwa. Mwaka 1834 ikatungwa sheria mpya kwa mfano huo, na mamia ya nyumba kama hizo zikajengwa. Kanuni yake ilikuwa hali ya anayesaidiwa isiwe nzuri kuliko hali ya kibarua aliye duni kabisa. Mwaka 1845 ikafichuka habari ya nyumba ya Andover, ambako maskini waliopewa kazi ya kuponda mifupa iwe mbolea walionekana wakigombania mifupa hiyo, wakiitafuna kwa njaa. Waingereza wenyewe wakaona aibu. Nyumba hizo zilifutwa rasmi mwaka 1930, na sheria za kale za maskini zikakomeshwa mwaka 1948. Ile ya Southwell, tangu mwaka 2002, imefunguliwa kwa watu kwenda kuitazama.

Yatupasa tufanye insafu. Watu hawa walikuwa na hesabu zilizoandikwa, na nidhamu ambayo sisi mara nyingi hatuna. Aliyeingia alipata chakula na paa, na watoto walisomeshwa. Kosa lao halikuwa katika mpango, bali katika nia iliyouongoza: walimhesabu fakiri kuwa ni mzigo wa kupunguzwa.

Sasa tutazame Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaweka mafukara wa Muhajirina wasiokuwa na nyumba katika Suffa. Nayo ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani ya msikiti wake, chini ya kivuli, mahali ambapo watu wote walikutana. Akiletewa sadaka aliwapelekea; akiletewa zawadi alishirikiana nao. Katika watu wa Suffa alikuwamo Abu Huraira, ambaye hapana Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kumpita. Lau angalifungiwa nyuma ya ukuta, elimu ngapi ingalitupotea?

Wala Uislamu haukupenda uvivu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba mtu wa Ansari alikuja kuomba. Mtume akaviuza vyombo vyake viwili kwa dirham mbili, moja anunue chakula cha jamaa zake, na ya pili anunue shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni. Tazameni tofauti: huku kazi ilitolewa iwe adhabu, na kule ilitolewa imrudishe mtu kwa watu wake.

Basi jawabu letu ni hili. Nyumba kwa mzee asiye na jamaa, au yatima asiye na mlezi, yafaa kujengwa, kwa sharti iwe karibu na msikiti, mlango wake uwe wazi, na mume asitengwe na mkewe wala mama na mwanawe. Lakini ikiwa nia yetu ni kuwaondoa maskini mbele ya macho yetu siku ya Ijumaa, basi hiyo ni Southwell iliyopigwa chokaa. Wengi wao wana nyumba na watoto. Wanachokosa ni zaka iliyokusanywa kwa hesabu, ikapelekwa mlangoni kwao kwa siri, na mtaji wa shoka kwa mwenye nguvu. Qur'ani imetufunza, katika Sura ya Pili, kwamba sadaka hubatilika kwa masimbulizi na udhia. Na udhia waweza kujengwa kwa mawe kama unavyoweza kusemwa kwa ulimi.

Wabillahi tawfiq.