Vipele vya Ndevu: Tuvitibu, Tuvizuie



Katika semina za afya tunazoendesha na vikundi vya vijana Mbeya na Iringa, swali hili huja mwishoni, mtu akituita pembeni: "Mratibu, hivi vipele vya kidevuni ni ugonjwa gani?" Mlinzi mmoja wa Mafinga alitueleza kuwa kazini anatakiwa kunyoa kila asubuhi, na kila akinyoa shingo inawaka. Akaanza kujifunga skafu, majirani nao wakaanza kunong'ona kwamba ameathirika. Alipopima hakuwa na virusi. Kilichomsumbua ni ndevu zake mwenyewe.

Vinatokana na nini?

Nywele za Waafrika wengi hujikunja. Wembe unapozikata, huziacha na ncha kali kama mkuki. Unywele ukirefuka kidogo hupinda, ukarudi kuchoma ngozi na kuota kuelekea ndani. Tukivuta ngozi wakati wa kunyoa, unywele uliokatwa huzama chini na kutoboa ngozi kabla haujatoka nje. Mwili huuona kama mwiba, hivyo pale huvimba, huwasha na pengine hutunga usaha. Kwa hiyo vipele hivi si uchafu wala havimwambukizi mtu mwingine. Wanawake pia huvipata kwapani na kinenani.

Tuvitibu vipi?

1. Acha kunyoa kwa wiki 4 au zaidi. Wiki ya kwanza hali inaweza kuonekana mbaya zaidi, lakini nywele zikirefuka nyingi hujichomoa zenyewe.
2. Kanda kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika 10, asubuhi na jioni.
3. Ukiona unywele umejikunja juu ya ngozi, uinue taratibu kwa sindano iliyochemshwa. Usiung'oe, kwa sababu utakaoota badala yake unaweza kuchoma tena.
4. Usikamue. Kukamua huleta madoa na makovu yanayovimba.
5. Ukiona usaha mwingi, homa, au uvimbe mgumu kisogoni, nenda kituo cha afya.

Jihadharini na krimu za kuchubua zinazouzwa kwa siri minadani. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Krimu kali za steroidi nazo, zikitumiwa bila ushauri wa mtaalamu, huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Tuzuie vipi?

Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu maji ni baridi kama barafu, na wengi hunyoa hivyo hivyo. Pasha maji kwanza. Ndevu zilizoloweshwa kwa maji ya moto kiasi na sabuni hulainika na kukatika vizuri. Nyoa kufuata nywele zinakoelekea, usivute ngozi, wala usirudie mara nyingi mahali pamoja. Njia bora zaidi ni mashine inayobakiza ndevu fupi, kama milimita 1. Anayelazimishwa na kazi aombe barua ya daktari. Waajiri wengi wataelewa.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili. Ngozi yenye vipele hutoka damu kirahisi, na mikoa yetu imebeba mzigo mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 11.3 Iringa na asilimia 9.3 Mbeya. VVU havidumu sana nje ya mwili, lakini virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi kwenye kifaa kwa siku 7. Bado zipo familia ambazo baada ya msiba huwanyoa wafiwa wote kwa wembe mmoja. Wembe mpya ni bei ndogo kuliko matibabu ya ini.

Ukienda saluni, mwombe kinyozi aondoe nywele kwenye meno ya mashine kwa brashi, ayafute kwa spiriti ya asilimia 70, kisha ayaache yakauke. Asikasirike, mteja anayeuliza anamlinda na kinyozi pia.

Mlinzi wetu alipata barua kutoka kwa daktari. Sasa ana ndevu fupi zilizopunguzwa kwa mashine yake, na skafu ameiacha nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni vinyozi wangapi husafisha mashine kati ya mteja mmoja na mwingine?
2. Je, tumewahi kumhukumu mtu kwa kutazama ngozi yake tu? Tulirekebishaje?
3. Msiba ukitokea, nani kati yetu atahakikisha kila mfiwa ana wembe wake?